Barua ya wazi: Tufungulieni kingo za mifereji ya Mwea

Kwa Waziri anayesimamia unyunyizaji maji, Waziri wa Utalii, Gavana wa Kaunti ya Kirinyaga, na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji Maji.

Waheshimiwa,

Ninachoomba tayari kipo. Kando ya mifereji mikuu ya mashamba ya mpunga ya Mwea, kuanzia kwenye mabanio (mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni) ya mito ya Thiba na Nyamindi hadi majaruba ya chini upande wa Karaba, pana njia. Ilitengenezwa ili magari ya ukarabati yaufikie mfereji, na wakulima wakaifanya yao. Mtoto huipita akienda shule, mama huipita na gunia lake, fundi wa kufungua malango ya maji huipita alfajiri. Lakini haimo kwenye ramani yoyote ya utalii, haina kibao hata kimoja, na mgeni anayetaka kuipita kwa baiskeli hajui amwombe nani ruhusa. Naomba mwitangaze rasmi kuwa njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu, muifunge kwa malori na magari yasiyo na kazi shambani, kisha mumpe mtu mmoja anayejulikana jukumu la kuitunza.

Mtaniuliza kwa nini mwendesha baiskeli asitumie barabara ya Makutano kwenda Embu kama watu wengine. Anayeuliza hivyo pengine hajawahi kuipita akiwa juu ya magurudumu mawili. Lori la mchanga likikupita, upepo wake hukusukuma nje, na likishapita hukuvuta ndani. Matatu ikitaka kushusha abiria hukata mbele yako bila kuonyesha taa. Ukingo wa lami umeliwa na mvua, kwa hiyo ukitoka unashuka ghafla kwenye changarawe, na kurudi juu ni kazi nyingine. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama zinaonyesha kwamba nchi hii hupoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani. Sitaki watalii wa kwanza wa baiskeli tunaowaleta Kirinyaga waingie kwenye hesabu hiyo, wala yule mzee wa Kimbimbi anayepeleka mchele mjini juu ya baiskeli yake ya Black Mamba.

Njia ya mfereji ina sifa moja ambayo barabara haiwezi kuwa nayo hata ukiimwagia mabilioni. Maji ya mfereji hayapandi mlima. Mhandisi aliyeupima alilazimika kufuata mteremko mdogo mno, maji yatembee bila kukimbia na bila kusimama, na popote ardhi ilipoinuka aliuzungusha mfereji. Anayefuata ukingo wake hurithi hesabu hiyo yote bure. Hapandi kilima kwa jasho wala hashuki kwa breki mkononi. Mtu wa miaka sitini na tano, au mtoto wa miaka kumi, huweza kwenda nusu siku nzima bila kushuka kwenye tandiko. Na asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, Mlima Kenya hukaa upande wa kaskazini ukijitazama ndani ya majaruba yaliyojazwa maji.

Nisiwadanganye lakini. Udongo wa Mwea ni ule mweusi unaonata. Jua likiwaka hupasuka nyufa ambazo tairi jembamba huzama ndani yake. Mvua ikinyesha hugeuka gundi. Hujaza nafasi kati ya tairi na madigadi, gurudumu hukataa kuzunguka, na unabaki umesimama katikati ya mashamba unachokoa matope kwa kijiti huku korongo na wenzake wakikutazama kutoka kwenye matuta. Vipande vilivyowekewa murram hupitika hata Aprili. Visivyowekewa havipitiki kwa baiskeli, kwa pikipiki wala kwa trekta, na mkulima ndiye anayeumia kwanza, kwa maana mpunga wake unakaa shambani ukingoja njia ikauke. Kwa hiyo fedha za murram mkizitoa, msiziandike zote kwenye fungu la utalii. Ni fedha za mkulima ambazo mtalii atazifaidi pia.

Mfano nilionao akilini ni mfereji wa Nantes hadi Brest, kule Bretagne, magharibi ya Ufaransa, ambako niliishi nikiwa masomoni. Una urefu wa kilomita zipatazo 360. Napoleon aliuagiza mwaka 1811 kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bandari zake, akataka njia ya ndani ya nchi ya kusafirishia mizigo ya jeshi la majini. Ulipokamilika mwaka 1842 yeye alikuwa ameshakufa, na haukupita muda mrefu reli ikachukua mizigo. Katika karne ya ishirini wakajenga bwawa la umeme la Guerlédan katikati yake, mashua za masafa marefu zikaishia hapo. Kwa kifupi ni mradi mkubwa wa serikali uliopoteza kazi yake.

Kilichobaki ni ile njia ya kando, ambayo farasi waliitembea wakivuta mashua kwa kamba. Leo baiskeli ndizo zinazoishi humo. Kutoka Redon, ukapita Malestroit, ukafika Josselin ambako minara ya ngome imesimama juu ya maji, husikii injini isipokuwa ya mkulima ng'ambo ya pili. Kila baada ya mwendo mfupi pana malango ya kupandishia na kushushia mashua, yako zaidi ya 230 mfereji mzima, na mengi kati yao yana nyumba ndogo aliyokuwa akikaa mlinzi wake. Nyumba hizo nyingine zimekuwa mahali pa kulala wageni, nyingine zinauza chai na chapati za kwao nyembamba. Ndiyo biashara yote: mtu aliyechoka, meza mbili chini ya mti, pampu ya tairi iliyofungwa ukutani. Hakuna aliyejenga hoteli ya ghorofa.

Na sisi tuna malango ya maji, tuna miti, na chai ya Kirinyaga haina haja ya kutangazwa.

Kuna jambo jingine linaloiunganisha mifereji hii miwili, nalo halisemwi kwenye vitabu vyetu vya kuvutia wageni. Sehemu ngumu kuliko zote ya mfereji wa Bretagne, ule mkato mkubwa wa Glomel, ilichimbwa na wafungwa katika miaka ya 1820 na mwanzo wa 1830. Wenyeji wanaieleza historia hiyo waziwazi kwa wapita njia. Mifereji yetu ya kwanza ya Mwea nayo ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950. Thiba, Gathigiriri, Kandongu: vijana wanayajua kama majina ya vijiji, wazee wanayajua kama majina ya kambi. Leo unaweza kusimama juu ya ukingo uliochimbwa na babu ya mtu, kwa lazima, na usione hata bamba moja linalosema hivyo. Vibao vya njia tunavyoviomba viandike hayo pia, kwa Kiswahili na kwa Gĩkũyũ, kabla wa mwisho wa wazee hao hajaondoka na habari zake.

Sasa kwenu hasa. Nimejaribu kuuliza njia hii iko chini ya nani, nikatumwa ofisi moja, hiyo ikanituma nyingine, ya pili ikanirudisha ya kwanza, na katika ofisi zote nilikaribishwa vizuri sana. Sizitaji kwa sababu naamini waliokuwa zamu hawakuwa na jibu. Mfereji na ardhi yake ni mambo ya mamlaka ya unyunyizaji chini ya sheria ya mwaka 2019. Barabara za kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni za gavana. Barabara kuu zinazokatiza mifereji ni za serikali ya kitaifa. Utalii una waziri wake. Njia inayopita katikati ya wanne hao hupitwa na wote wanne.

Ufaransa hawana uchawi katika hilo, wana karatasi. Mwenye mfereji hubaki mwenye mfereji, na serikali ya eneo hutia sahihi makubaliano naye kwamba juu ya ardhi ileile itaendesha shughuli ya pili, yaani njia ya baiskeli, na itabeba gharama za kukata nyasi, kurekebisha uso wa njia na kuweka alama. Makubaliano yanasema nani analipa mti ukianguka, nani anaifunga njia mfereji unapokarabatiwa, na nani anajibu mtu akiumia. Hilo la mwisho ndilo linalowaogopesha wanasheria wenu, nalielewa. Lakini watu wanapita pale leo bila makubaliano yoyote, na wakianguka mfereji hauulizi kama wametangazwa rasmi. Kaunti na mamlaka wanaweza kuandikiana mkataba wa aina hiyo bila kulisubiri Bunge.

Kuhusu kufunga njia naomba nieleweke vizuri, maana hapa ndipo mipango kama hii huharibikia. Simaanishi kumfungia mkulima. Ubelgiji wana njia nyingi za kando ya mifereji. Huko gari la mwenye kibali cha kazi hupita, la mpita njia hapana, na mwendo mkubwa kabisa ni kilomita 30 kwa saa. Kwetu ingekuwa nguzo za chuma kwenye maingilio kutoka barabara kubwa, moja katikati iwe ya kufunguliwa kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayegawa maji pamoja na viongozi wa chama cha watumiaji maji. Upana kati ya nguzo na nguzo upimwe kwa mkokoteni wa ng'ombe, msiupime kwa kitabu cha mhandisi kutoka Nairobi. Mkokoteni upite, baiskeli ya magunia ipite, kiti cha magurudumu kipite. Trekta ifunguliwe. Probox itajaribu kupenya, nawajua madereva wetu, na itaacha kioo cha pembeni pale mara mbili tatu kabla habari haijaenea.

Bodaboda ni swali gumu zaidi na sina haja ya kulizunguka. Biashara hiyo yenyewe ilianza kwa baiskeli, kwenye mpaka wa Busia katika miaka ya 1960, na leo ndiyo inayompeleka mjamzito hospitali usiku kutoka vijiji ambavyo gari halifiki. Kuifukuza kwenye kingo itakuwa ukatili, tena haitawezekana. Iacheni ipite, lakini kwa mwendo uliowekwa, na matuta madogo ya kupunguza kasi karibu na shule na mahali wanapoanika mpunga. Wakati wa mavuno maturubai hutandazwa hadi katikati ya njia, kina mama wakigeuza mpunga kwa miguu, mstari baada ya mstari. Hapo hata mwenye baiskeli ashuke aisukume. Sheria hiyo ningependa kuiona imeandikwa kwenye kibao: mpunga una haki ya njia.

Msimu nao uheshimiwe. Mpunga mkuu hupandikizwa kuanzia Julai na Agosti, na kuvunwa tangu Novemba kuingia Desemba. Wiki za mavuno zikifika, malori ya kubebea magunia hayana njia nyingine katika sehemu nyingi, basi vipande hivyo vifungwe kwa baiskeli za matembezi na tangazo litolewe mapema. Wageni watafute siku nyingine, watazipata. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limewawezesha wakulima wengi kufikiria zao la pili, kwa hiyo kalenda hiyo itabidi ipangwe na wao wenyewe kila mwaka badala ya kuchapishwa mara moja na kusahaulika.

Nasema ipangwe na wao kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1998 wakulima wa Mwea walichoka kuamriwa wauze mpunga wao wapi na kwa bei ya nani, wakaikatalia bodi ya unyunyizaji ya wakati huo, na ugomvi ule ulimwaga damu kabla ya kupoa. Watu wa hapa hawajasahau jinsi amri zinavyoshuka kutoka juu. Mkija na mradi wa njia ya baiskeli uliokwisha kuchorwa, pamoja na picha za Wazungu wanaotabasamu wakiwa na kofia za plastiki, mtapigiwa makofi barazani na nguzo zenu zitang'olewa usiku. Mkija kuuliza, mtaambiwa mambo ambayo hayajulikani ofisini: ni daraja lipi la mbao limeoza, ni wapi mifugo hunyweshwa, ni kona ipi watoto huogelea ingawa wamekatazwa. Hilo la kuogelea lina uzito. Maji haya yana kichocho, na mgeni atakayeona mfereji mtulivu kwenye joto la saa nane atatamani kuingia. Vibao vimwonye, na mabomba ya maji safi yawepo kwenye masoko njia inapopita.

Kuna watakaosema Waafrika hawatalii kwa baiskeli. Hao nawapeleka Hell's Gate, Naivasha, siku yoyote ya Jumamosi, wakaone foleni ya vijana wa Nairobi wakikodi baiskeli langoni ili wakapite kati ya pundamilia. Au msitu wa Karura, Nairobi. Majirani zetu wa Rwanda wana njia ya Kongo hadi Nile, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, na wageni hulipa kulala kwenye vijiji ambavyo zamani walivipita kwa gari. Njia hiyo ni milima mitupu. Mapaja huwaka moto kabla ya chakula cha mchana. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Sisi tunacho ambacho Rwanda haina na haiwezi kukijenga, tambarare kubwa yenye maji yanayotembea, mwendo wa saa chache kutoka jiji la mamilioni ya watu.

Na ya kufika tunayo. Reli ya zamani ya Nanyuki inapita Sagana, na safari za abiria zilirudishwa mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya vichaka juu ya mataruma. Behewa moja la kubebea baiskeli linatosha kuanzia. Kutoka Sagana hadi mashamba ya Mwea ni mwendo ambao hata mtu asiye na mazoezi anauweza, isipokuwa kwamba lazima aivuke barabara kuu iliyopanuliwa kuwa ya njia nne kati ya Kenol na Marua. Huo ndio mwanya mmoja katika mpango wote ambao lazima uwe na ujenzi wa kweli: kivuko salama, cha chini au cha juu, chenye mteremko wa kusukuma baiskeli na siyo ngazi. Nawaomba wenzenu wa barabara kuu waisome aya hii hata kama hawatasoma nyingine.

Siombi mfereji wote kwa mpigo. Chagueni kipande kimoja cha upande wa Thiba ambacho tayari kina murram, kinachoanza karibu na Wang'uru ili mgeni apate pa kula na fundi wa kuziba tyubu. Wekeni nguzo, rekebisheni madaraja yake, andikeni vibao, tieni sahihi mkataba kati ya kaunti na mamlaka, na fanyeni hayo kabla ya miche kuhamishiwa majarubani. Mvune naye mkulima msimu mmoja mkiangalia kinachoharibika. Kisha mkae tena na chama cha watumiaji maji, mkiwa na bajeti mkononi, mwamue kama kipande cha pili kiende juu kwenye banio au chini Karaba.

Mkitaka kuiona njia yenyewe kabla ya kujibu, nitawatembeza mimi na wenzangu, na baiskeli tutawaazima. Ila msije Februari ambapo kila njia ni nzuri. Njooni Aprili, siku moja baada ya mvua kubwa, na mje na viatu vya kubadilisha.

Wasalaam,

Mwendesha baiskeli wa Kutus

Nakala: viongozi wa vyama vya watumiaji maji, Mwea; Shirika la Reli; wawakilishi wa wadi zote ambazo mifereji inapita.